Kamera Gani Itufae Sisi Watu wa Ziwani?

Nataka kutoa maoni yangu katika kurasa zetu za Kiswahili juu ya jambo lililozua maneno mengi katika chama chetu cha picha tangu muhula uliopita. Wasomaji wengi wanajua ya kuwa chama kimekusanya fedha kidogo kidogo, kwa michango ya wanachama na kwa kuuza picha siku za sherehe za shule. Sasa fedha zimefikia kiasi cha kununua kamera moja, na hapo ndipo tulipogawanyika. Kundi moja lataka kamera kubwa yenye lenzi ndefu, kama zile zinazoning'inia shingoni mwa waandishi wa habari wanaotoka mbali kuja kututazama mafuriko yanapotupata. Kundi la pili lasema, kamera ya nini? Karibu kila nyumba ina simu, na simu hupiga picha. Fedha zile afadhali zitumike kwa jambo jingine.

Mimi sikubaliani na kundi la kwanza wala la pili. Lakini kabla sijasema ninalotaka, nawaomba wenzangu watazame kwanza jinsi wapiga picha wa magazeti walivyochagua kamera zao tangu zamani mpaka leo. Ubishi huu haukuanza kwetu. Watu ambao kamera ndiyo jembe lao wamekwisha kubishana hivi kwa muda wa miaka zaidi ya mia moja, na kila mara walipobadili kamera walikuwa na sababu. Tukizijua sababu zao, hatutachagua kwa macho tu.

Tuanze hapa hapa kwetu. Kila aliyesafiri kutoka Bujumbura kuja Rumonge amepita karibu na jiwe la Mugere, mahali ambapo Stanley na Livingstone walipumzika mwezi wa Novemba 1871. Stanley alikuwa mtu wa gazeti hasa, ametumwa na New York Herald ya Marekani. Walakini picha zilizomo katika kitabu alichotoa mwaka 1872 ni za kuchorwa kwa mkono. Mtu aweza kuuliza, je, kamera hazikuwako? Zilikuwako tangu mwaka 1839. Lakini kamera za siku zile zilitaka kioo kilichopakwa dawa, na kioo hicho sharti kipigwe picha na kusafishwa kingali kibichi, kabla dakika chache hazijapita. Kwa hiyo mpiga picha alibeba hema la giza, chupa za dawa, maji safi na vioo vizito, akapanga wapagazi wa kuvibeba vyote. Katika joto la nchi zetu dawa ilikauka upesi. James Grant, aliyefuatana na Speke, alipiga picha Zanzibar mwaka 1860, lakini walipoingia bara aliona kazi ya hema la giza haiwezekani, akarudia kalamu na rangi. Na hata kama mtu angefaulu, magazeti hayakuwa na mtambo wa kuchapa picha ya kamera pamoja na maandishi. Hayo yaliwezekana kuanzia mwaka 1880, katika gazeti moja la New York, na yakaenea polepole.

Basi funzo la kwanza ni hili: mwambao wetu uliandikwa katika magazeti ya dunia kabla haujapigwa picha, kwa sababu kamera ya wakati ule haikuweza kutembea. Watu wa Ulaya na Marekani waliuona kwa mkono wa mchoraji ambaye huenda hajapata kuuona yeye mwenyewe.

Baadaye vikaja vioo vikavu, ambavyo mtu aliweza kuvinunua tayari na kuvisafisha siku nyingine. Hapo kamera ilianza kusafiri, ingawa ilikuwa bado sanduku kubwa juu ya miguu mitatu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, nchi yetu ilipokuwa sehemu ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, alikuwako mpiga picha mmoja aitwaye Walther Dobbertin, aliyekuwa na kazi yake Dar es Salaam, naye akaingia katika jeshi na kupiga picha za vita vile. Picha zake zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa za Ujerumani, na wanahistoria wanazitumia hata leo. Ukizitazama picha za vita vya namna ile, utaona nyingi ni za watu waliosimama wima, wamepangwa, wanakabili kamera. Usidhani vita vilikuwa vya utulivu hivyo. Kamera ya miguu mitatu humtaka mtu asimame, na mtu anayekimbia haimwezi. Kwa hiyo tumeachiwa sura za askari, lakini hatukuachiwa sana yaliyowapata walipoanza kukimbia.

Huko Marekani wapiga picha wa magazeti walipenda kwa muda mrefu kamera iitwayo Speed Graphic, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1912 na kuendelea mpaka mwaka 1973. Ilikuwa kubwa, lakini mtu aliweza kuishika mkononi. Filamu yake ilikuwa kipande kimoja kimoja, kipana kama kiganja, na baada ya kila picha ilimpasa mpigaji atie kipande kingine. Usiku alitumia globu ya flashi ambayo huwaka mara moja tu, kisha hutolewa na kutupwa. Ndiyo kamera aliyoitumia Joe Rosenthal tarehe 23 Februari 1945, alipopiga picha ya askari wa Marekani wakisimamisha bendera katika kisiwa cha Iwo Jima. Wahariri waliipenda kwa sababu filamu pana hutoa picha safi, tena mtu mwenye kamera kubwa alijulikana mara moja kuwa ni mtu wa gazeti, akafunguliwa njia. Nawaomba wenzangu wa kundi la kwanza wakumbuke jambo hili, kwa maana nitalirudia.

Mabadiliko makubwa yalitoka Ujerumani. Fundi mmoja, Oskar Barnack, alikuwa na ugonjwa wa pumu, na kubeba sanduku la vioo kulimchosha. Akatengeneza kamera ndogo ya kutia mfukoni, itumiayo filamu nyembamba ya sinema, ya milimita 35. Ilianza kuuzwa mwaka 1925 kwa jina la Leica. Mkanda mmoja ulikuwa na picha 36. Wahariri wengi waliidharau. Walisema filamu ndogo namna ile haiwezi kutoa picha ya kuchapwa gazetini. Lakini wapiga picha vijana waliona jambo ambalo wahariri hawakuliona. Kamera ndogo iliingia mahali ambapo kubwa haikuingia, na watu hawakuigeukia. Karibu na wakati huo huo, mwaka 1924, ilitoka kamera nyingine ya Kijerumani, Ermanox, yenye lenzi ya tundu pana sana, na Erich Salomon akaitumia kupiga picha ndani ya mahakama na katika mikutano ya wakubwa bila kuwasha flashi. Robert Capa naye alishuka na askari katika ufuko wa Normandie tarehe 6 Juni 1944 akiwa na kamera ndogo za Contax.

Katika Afrika yetu tunao ushahidi wa karibu. Tarehe 29 Juni 1960, siku moja kabla ya uhuru wa Kongo, Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alikuwa akipita ndani ya motokaa wazi katika njia za Léopoldville, mji uitwao sasa Kinshasa. Ghafula kijana mmoja akachomoa upanga wa mfalme na kukimbia nao. Mpiga picha Mjerumani, Robert Lebeck, alikuwa karibu akiwa na kamera ndogo, akaipiga picha ile, na dunia nzima ikaiona. Jambo lenyewe lilikuwa la sekunde chache. Mtu wa miguu mitatu angalikuwa bado anafungua sanduku lake.

Hapo ndipo wenzetu wa Afrika ya Mashariki walipoingia katika kazi hii. Priya Ramrakha wa Nairobi alipiga picha za harakati za uhuru, akafanya kazi na magazeti ya Time na Life, akauawa kwa risasi katika vita vya Biafra mwezi wa Oktoba 1968. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza akiwa mtoto na kamera ya sanduku aina ya Box Brownie iliyokwisha tumika, kamera ya watu wa kawaida kabisa. Mwaka 1963 akaanzisha kampuni yake, Camerapix. Picha zake za sinema za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliamsha dunia. Mwaka 1991 bohari la silaha lililipuka mjini Addis Ababa akapoteza mkono, akawekewa mkono wa bandia, akarudi kazini, mpaka alipokufa tarehe 23 Novemba 1996 katika ndege iliyotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na Visiwa vya Komoro. Nimemtaja kwa urefu kwa sababu wenzangu hupenda kusema ya kuwa kamera duni hutoa mpiga picha duni. Box Brownie ilikuwa duni, na tazama aliyetoka humo.

Baada ya hapo kamera ziliendelea kubadilika, wala sitazitaja zote. Nikon F ya mwaka 1959 iliwawezesha watu kutazama kwa kupitia lenzi ile ile inayopiga picha, na kubadili lenzi kama fundi abadilivyo patasi. Katika miaka ya 1980 kamera nyingi zilianza kulenga zenyewe. Lakini badiliko kubwa lilikuwa la kutumana picha, kwa sababu picha ya gazeti ikichelewa imekufa. Zamani mkanda wa filamu ulitoka mahali kama hapa kwa gari mpaka kiwanja cha ndege, ukapanda ndege, ukapokelewa, ukasafishwa, na siku zikapita. Mwaka 1991 kampuni ya Kodak iliuza kamera ya kwanza ya dijitali kwa watu wa magazeti. Mwili wake ulikuwa wa Nikon, na mpigaji alining'iniza begani sanduku zito la kuhifadhia picha. Bei yake ilikuwa kama dola 20,000, na picha zake zilikuwa mbaya kuliko za filamu. Hata hivyo magazeti yaliitaka. Kwa nini? Kwa sababu picha ilitoka mara moja na kupita katika waya wa simu. Mwaka 1999 ikaja Nikon D1, iliyokuwa nafuu na nyepesi zaidi, na miaka michache baadaye filamu ikawekwa kando. Mwaka 2020 shirika la habari la Associated Press lilitangaza ya kuwa wapiga picha wake watahamia kamera za Sony zisizo na kioo cha ndani, ambazo ni nyepesi tena hazilii zinapopiga.

Basi tukiyakusanya haya yote tunaona nini? Tunaona ya kuwa wapiga picha wa magazeti hawakufuata siku zote kamera itoayo picha safi kuliko zote. Mwaka 1925 wajanja walichagua filamu ndogo yenye picha hafifu ili waweze kukaribia. Mwaka 1991 walichagua picha mbaya zaidi ili waweze kuwahi. Kila mara waliuliza maswali matatu: kazi yangu iko mahali gani, kuna nuru kiasi gani, na picha yangu itafikaje inakokwenda? Wavuvi wetu hufanya vivyo hivyo. Zamani waliwasha karabai za mafuta ya taa; siku hizi wengi wanawasha taa za betri. Hawakubadili kwa fahari. Walihesabu bei ya mafuta ya usiku mmoja, na upepo, na samaki.

Sasa niwajibu wenzangu wa kundi la kwanza. Kazi yetu iko mahali gani? Iko kwenye gati la Rumonge, sokoni, katika mashamba ya michikichi na mahali pa kukamulia mawese, juu ya vichanja vya ndagala, na ndani ya mitumbwi usiku. Lenzi ndefu ni ya kumpiga simba mbugani au mchezaji wa mpira aliye mbali. Mvuvi tunayetaka kumpiga picha ni baba wa mwenzetu wa darasani. Tukimwomba, atatuketisha katika mtumbwi wake. Ya nini kumvizia kutoka mbali?

Kisha tufikiri juu ya nuru. Ndagala huvuliwa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika, kwa sababu mwanga wa mwezi hushinda mwanga wa taa, na samaki hawakusanyiki. Kwa hiyo kazi kubwa ya mji huu hufanywa wakati ambapo kamera nyingi ni kipofu, tena juu ya chombo kinachotikisika, ambapo miguu mitatu haifai kitu. Lenzi ndefu za bei tunayoiweza huwa na tundu jembamba. Ile iandikwayo 1.8 huingiza nuru karibu mara 10 kuliko ile iandikwayo 5.6. Ukiwa na lenzi fupi ya tundu pana, mwanga wa taa za wavuvi watosha. Ukiwa na lenzi ndefu ya tundu jembamba, sharti uwashe flashi, na flashi itafuta usiku wote, ibaki sura nyeupe ya mtu aliyeshtuka.

Na kuhusu heshima ya kamera kubwa, nimekwisha kusema ya kuwa zamani ilimfungulia mtu njia. Lakini njia hiyo hiyo aweza kufungiwa. Katika misukosuko ya mwaka 2015 waandishi walioshika kamera walionekana toka mbali. Tarehe 2 Agosti mwaka ule Esdras Ndikumana, mwandishi wa AFP na RFI, alikamatwa na kupigwa mjini Bujumbura alipokwenda kupiga picha mahali ambapo jenerali mmoja ameuawa. Sisi ni wanafunzi, hatuendi kwenye hatari, wala sitaki mtu aende. Nasema tu ya kuwa ukubwa wa kamera si ngao.

Niwageukie wenzangu wa kundi la pili, wenye kusema simu yatosha. Wana haki kwa sehemu kubwa. Mwaka 2012 gazeti la Time lilitoa ukurasa wake wa mbele kwa picha ya tufani iliyopigwa na Ben Lowy kwa simu. Mwaka huo huo wapiga picha wawili wakiwa Ivory Coast walianza kazi iitwayo Everyday Africa, ya kuonyesha kwa picha za simu maisha ya kila siku ya Waafrika, badala ya vita na njaa peke yake. Na mwaka 2015, redio za watu binafsi zilipoharibiwa mjini Bujumbura mwezi wa Mei, vijana waandishi walitumia simu zao kupeleka habari. Hapana mtu wa kuidharau simu.

Lakini mwezi wa Mei 2013 gazeti moja kubwa la Chicago, Sun-Times, liliwafukuza wapiga picha wake wote, 28, likawataka waandishi wapige picha kwa simu zao. Lilidhani ya kuwa kazi ya kuona iko ndani ya mtambo. Nasi tukisema simu yatosha, kwa hiyo hatuhitaji chama wala mafunzo wala utunzaji, tutakuwa tumedhani vivyo hivyo.

Tena simu ina kasoro moja ambayo sisi wa Rumonge tumeionja, nayo ndiyo iliyonifanya niandike. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, ziwa lilipanda, maji yakaingia katika nyumba za watu kando kando ya mwambao, Gatumba, Bujumbura na hapa kwetu. Siku zile kila mtu alipiga picha. Zilikuwa maelfu. Mwezi mmoja uliopita, tulipotaka kutengeneza ubao wa picha za mafuriko kwa ajili ya siku ya wazazi, nilizunguka kuziomba. Huyu simu yake ilianguka majini. Yule aliifuta picha ili apate nafasi ya nyimbo. Mwingine alimtumia rafiki yake, naye rafiki anayo, lakini ilipotumwa ilipunguzwa ukubwa mpaka ukiichapa huoni kitu ila madoa. Na zile zilizosalia hazina tarehe wala jina la mtaa. Katika maelfu yale tulipata picha 9 za kufaa kuwekwa ukutani.

Siku hiyo hiyo niliongea na bibi mmoja aanikaye ndagala. Nilipomwamkia na kumwomba ruhusa ya kumpiga picha, alitulia kidogo kisha akasema, "Mwanangu, mwaka ule wa maji walikuja wageni wakanipiga picha nimesimama mlangoni, maji yamefika hapa. Walisema itakwenda mbali. Ilikwenda. Mimi sijaiona mpaka leo." Sikuwa na jibu la kumpa. Wageni wale huenda walifanya kazi yao vizuri, na picha ile huenda ilisaidia watu kuleta chakula na mahema. Lakini mwenye picha ni nani? Sura ni yake, nyumba ilikuwa yake, na yeye peke yake ndiye asiyeiona.

Wenzangu, sisi tumezaliwa mahali ambapo mambo mazito yamepita pasipo picha za kutosha. Tarehe 13 Oktoba 1961 Mwanamfalme Louis Rwagasore aliuawa katika hoteli iliyo kando ya ziwa hili hili, mjini Usumbura, ambao ndio Bujumbura ya leo. Sura yake tunaijua kila mmoja wetu, na kila mwaka twaiona siku ya kumkumbuka, kwa kuwa alikuwako aliyeipiga na aliyeitunza. Lakini tazama mwaka 1972. Machafuko yalianza tarehe 29 Aprili, na Rumonge ilikuwa mojawapo ya mahali pa kwanza. Mauaji yaliyofuata yalienea nchi nzima na kuua watu wengi mno. Katika nyumba nyingi za huku hakuna hata picha moja ya pasipoti ya babu aliyetoweka mwaka ule. Wazee wakisimulia, mtoto hana sura ya kuiweka katika masimulizi. Sisemi kamera ingaliokoa mtu. Nasema ya kuwa mtu aliyepotea bila picha hupotea mara ya pili, waliomjua wanapokufa.

Na leo iko hatari nyingine. Mitambo ya akili bandia yaweza kutengeneza picha ya mafuriko ambayo hayakutokea, au ya mtu akifanya asilolifanya. Siku zijazo mtu akionyeshwa picha atauliza, nani aliipiga, lini, wapi, na ile ya asili iko wapi? Picha isiyo na majibu itatupwa, hata ikiwa ya kweli.

Kwa hiyo shauri langu kwa chama ni hili. Kwanza, tununue kamera ya ukubwa wa katikati iliyokwisha tumika, iliyo katika hali njema, pamoja na lenzi moja fupi ya tundu pana, ya milimita 35 au 50. Itatufaa sokoni mchana na mtumbwini usiku, nayo si mzigo kwa mwanachama yeyote, mvulana au msichana. Aweza kuning'iniza begani na kuifunika kwa kanga mvua ikinyesha.

Pili, fedha zitakazobaki, nazo zitabaki nyingi kwa sababu hatukununua lenzi ndefu, tusizitie katika kamera. Tununue betri ya akiba, kadi mbili, na visanduku viwili vya kuhifadhia picha. Kimoja kikae shuleni, cha pili kikae mahali pengine palipoinuka mbali na ziwa, maana sote tumeona maji yanapofika. Zamani mpiga picha wa gazeti alikuwa na filamu zake katika boksi. Miaka 50 ikapita, akazifungua akazikuta. Sisi wa dijitali hatuna boksi hilo tusipolitengeneza wenyewe.

Tatu, tuwe na daftari kubwa la mistari, la kawaida. Kila picha iandikwe nambari yake, tarehe, mahali, jina la aliyepigwa kama amekubali jina liandikwe, na jina la aliyepiga. Picha za simu za wanachama nazo zipokelewe na kuandikwa humo, zikiletwa kama zilivyopigwa, bila kupunguzwa. Hapo kundi la pili litaona ya kuwa sikuitupa simu yao.

Nne, na hili kwangu ndilo kubwa, iwe sheria ya chama ya kuwa mtu haombwi picha bila kuamkiwa na kuambiwa itatumiwa wapi, na kila aliyekubali apelekewe nakala iliyochapwa katika karatasi. Karatasi moja si ghali. Wenzangu wengine watasema sheria hii itatuchelewesha na kutumalizia fedha. Ni kweli itatuchelewesha. Lakini sisi hatupigi picha za gazeti la kesho asubuhi. Waandishi wa kweli wako, na kazi yao ni kuwahi. Sisi tunakaa hapa. Wageni wakiisha kuondoka, ni sisi tutakaokutana na bibi yule kila siku njiani.

Najua baadhi ya wanachama watavunjika moyo, kwa kuwa walikwisha kujiona wamebeba kamera kubwa siku ya michezo. Nawaomba wafikiri juu ya Barnack na pumu yake, na juu ya wahariri walioicheka Leica. Katika historia hii yote wenye kucheka kamera ndogo walishindwa mara nyingi kuliko walivyoshinda.

Mkutano wa chama utakuwa mwisho wa mwezi. Haya ndiyo maoni yangu. Mwenye mengine na ayalete, tuyapime kwa hoja, kisha tupige kura. Lakini yoyote yatakayoamuliwa, naomba jambo moja lisingoje kura. Kila mwenye picha za maji ya mwaka 2021 na 2024 azilete wiki hii, kabla simu haijaanguka tena.